Nilivyofanya fildi ya ustawi wa jamii kwenye kliniki ya sheria, kwa wanawake manusura walioko gerezani

Masta ya ustawi wa jamii Marekani inataka angalau masaa 900 ya fildi, na mimi sehemu kubwa ya masaa yangu niliyafanyia kwenye kliniki ya sheria jimbo la New York, tukisaidia wanawake waliofungwa ambao kabla ya kufungwa walikuwa wanapigwa, wanabakwa au wanatishiwa kuuawa na waume zao, wapenzi wao au ndugu zao. Wenzangu wengi wanaikwepa fildi ya namna hii, wanadhani mawakili watakutumia kubeba mafaili tu. Si kweli kabisa, ndio maana naandika.

Kazi yetu yote ilisimama juu ya sheria moja, wenyewe wanaiita DVSJA, yaani sheria ya haki kwa manusura wa ukatili wa nyumbani, ilisainiwa mwaka 2019. Inamruhusu mfungwa mwenye kifungo cha miaka 8 au zaidi, kwa kosa la kabla ya tarehe 12 Agosti 2019, aombe kupunguziwa adhabu kama wakati wa kosa alikuwa anafanyiwa ukatili mkubwa na mtu wa familia au wa nyumbani kwake, ukatili huo ulichangia sana yeye kutenda kosa, na adhabu aliyopewa ni kali kupita kiasi. Makosa mengine yametolewa nje, kwa mfano mauaji ya daraja la kwanza. Ila mauaji ya daraja la pili, ambayo kawaida adhabu yake ni kuanzia miaka 15 mpaka 25 kama kiwango cha chini na maisha kama kiwango cha juu, kwa sheria hii adhabu inaweza kushuka mpaka kati ya miaka 5 na 15. Tofauti hiyo ni miaka ya mtoto kukua na mama yake.

Sasa ugumu uko kwenye ushahidi. Maombi lazima yaje na angalau vitu viwili vya kuthibitisha ule ukatili, na kimoja wapo kiwe kitu kama rekodi ya hospitali, ya mahakama, ya polisi, ya huduma za jamii, au kiapo cha mtu aliyeshuhudia. Na hawa ni watu walioteswa ndani ya milango iliyofungwa, wengi hawakuwahi kuita polisi, wengine waliita halafu polisi alipofika wakasema hakuna kitu kwasababu yule bwana amesimama hapo hapo mlangoni anasikiliza. Hapo ndipo mtu wa ustawi wa jamii anapata kazi.

Kabla sijakutana na mfungwa yeyote nilimwomba wakili tukae tuelewane kuhusu siri. Wakili analindwa na siri ya mteja wake, lakini mtu wa ustawi wa jamii New York kisheria anatakiwa kuripoti akishuku mtoto anadhurika, kwahiyo mkiwa chumba kimoja mnasikiliza maneno yale yale kila mmoja ana wajibu wake. Tuliandika kabisa nafanya kazi chini ya nani, nini kinaweza kutokea nikisikia habari za mtoto, na mteja anaambiwa hayo mwanzo kabisa kabla hajafungua mdomo. Naliona hili ndio jambo la kwanza kuliko yote, maana mtu ambaye kila siri yake iliwahi kutumiwa kumuumiza ana haki ya kujua maneno yake yanakwenda wapi.

Bedford Hills ndio gereza la wanawake lenye ulinzi mkali zaidi kwenye jimbo hilo, liko kaskazini ya jiji la New York. Simu unaiacha, unapita kwenye mashine, hata sidiria yenye waya inaweza kukuletea shida, unasubiri. Vumilia tu.

Mimi nilianza na karatasi, sikuanza na hadithi. Nilimpa mama wa kwanza fomu za ruhusa asaini, nikaanza kutafuta rekodi zake: hospitali zote alizotaja, mahakama ya familia, shule alizosoma watoto, makazi ya muda ya wanawake, hata faili la afya la gerezani lenyewe kwasababu mara nyingi nesi wa mapokezi aliandika makovu na mifupa iliyovunjika zamani na hakuna mtu aliyewahi kulisoma tena. Karatasi inakuja na tarehe, inakuja na maneno ya mtu ambaye hakuwa na sababu ya kumpendelea, na kubwa zaidi inampunguzia yule mama kazi ya kuthibitisha kila kitu kwa mdomo wake. Kama rekodi inasema alifika na mkono uliovunjika, sina haja ya kumuuliza ulivunjwaje mara ya tatu. Na pale hospitali ilipoandika tu "alianguka kwenye ngazi" nilitafuta ziara zingine za miezi ile ile, nikazipanga kwa mfuatano, wakili akaona mwenyewe ngazi gani hiyo ya kuangukia kila mara.

Kukabwa shingo kulinifundisha mengi. Mara nyingi hakuachi alama yoyote inayoonekana nje, kwahiyo daktari haandiki, polisi hapigi picha, na mahakamani mtu anauliza mbona hakuna jeraha. Nilijifunza kuuliza sauti ilikuwaje siku iliyofuata, kumeza kulikuwaje, alipoteza fahamu au alijikojolea, na mara kadhaa ndugu au jirani alikumbuka ile sauti iliyokwaruza, akakubali kutoa kiapo.

Mazungumzo yenyewe hayaji kwa mpangilio, kumbukumbu za mateso huwa zinaruka ruka, kwahiyo sikumlazimisha mtu aanze mwanzo. Na sikuruhusu yaliyo mazito yafike mwishoni mwa muda, kwasababu mimi natoka nje naenda kupanda treni ila yeye akitoka kwenye chumba cha wageni anaweza kupekuliwa mwili halafu anarudi selo hana wa kuongea naye. Dakika za mwisho tulikuwa tunaongelea watoto, masomo anayochukua, chochote alichotaka yeye.

Swali la kwanini hakuondoka litakuja tu, jiandae nalo. Kesi ya Nicole Addimando ilitusaidia sana: alihukumiwa miaka 19 mpaka maisha kwa kumuua baba wa watoto wake, jaji akakataa kutumia sheria hii, lakini mwaka 2021 mahakama ya rufaa ilishusha kifungo mpaka miaka 7 na nusu na ikasema mtazamo wa yule jaji ulitegemea fikra za kizamani kuhusu manusura anavyopaswa kuwa. Kwahiyo kwenye ripoti niliyomwandikia kila mama nilionyesha kila mara mama alipojaribu kuondoka na kilichompata alipojaribu, bila kuongeza chumvi.

Ripoti ikikamilika nilimsomea yote, sentensi kwa sentensi, na alikuwa na haki ya kusema hii hapana. Mama mmoja alikataa neno "mwathirika" popote lilipokuwa, tukalitoa. Mwingine aliomba jina la dada yake lisionekane, wakili akatafuta njia.

Kwa upande wangu, wakili alinisimamia kazi lakini hakusomea ustawi wa jamii, kwahiyo chuo kilinipa supavaiza mwenye masta tukutane kila wiki, na nilipoanza kukosa usingizi nilimwambia wazi, akanipunguzia kusoma mafaili usiku. Usikubali fildi isiyokuwa na mtu huyo.

Niliwaambia wateja wangu tarehe yangu ya kuondoka mapema kabisa na nikairudia kila nilipokwenda, kwasababu wameachwa ghafla na watu wengi. Ziara ya mwisho nilikwenda na mwanafunzi anayenipokea, wakaulizana maswali wenyewe, mimi nikakaa pembeni. Maombi ya wawili yalikuwa bado kwa jaji nilipomaliza masaa yangu.