Nusu ya ufunguo

Tangu Jumanne nalala na maneno matatu na naamka nayo. Gari si lako. Niliyasema mimi.

Jumapili jioni shemeji alikuwa uani anaosha kirikuu, kile kigari chetu cha kubebea chakula, akaja mpaka mlango wa jikoni, mkono mmoja unachuruzika povu, mwingine kashika ufunguo. "Shem, huu ufunguo una ufa hapa shingoni, tukachonge mwingine kabla haujatukatikia." Mimi nakanda ngano ya chapati za Jumatatu, oda ya chakula cha maonesho ya wakulima ya Nanenane imenibana, gesi inaelekea kuisha, nikamjibu bila hata kugeuka, "Wewe osha tu, gari si lako." Akasema, "Sawa shem." Akarudi nje, nikasikia anamwaga maji tena. Basi. Hakununa, hakusema neno.

Kila nikiyarudia nakwama palepale, kwamba sikugeuka. Ningegeuka ningeuona ufa wenyewe. Na yaani namwambia gari si lako mtu ambaye ndiye anayeliwasha saa kumi alfajiri kwenye baridi hii ya mwezi wa nane na upepo wake, anayepakia hotpoti, anayejua hata tairi gani inapungua upepo, mimi kazi yangu kukaa na kuendesha.

Jumanne sasa. Sokoni Majengo hapa Dodoma, saa moja asubuhi, nimeshika nyanya na mchicha, naingiza ufunguo mlango wa dereva, nazungusha, nikasikia kitu kama kijiti kikavu kimevunjika. Kichwa kimebaki mkononi, kipande kingine kiko ndani ya kitasa na hotpoti sita za maharage na supu ziko ndani ya gari, watu wa Nzuguni kwenye viwanja vya Nanenane wanasubiri. Wakajaa watu. Huyu anasema tia supaglu kwenye kichwa ukigandishe ukivute, yule katoa msumari, na mimi mwenyewe kwa kuchanganyikiwa nilishaanza kukisukuma kile kipande kwa hiyo nusu niliyoishika, kumbe nakizamisha. Baba watoto yuko Singida. Nikampigia shemeji, nitampigia nani mwingine. Dakika ishirini katokea na bodaboda na mzee mmoja fundi funguo kampakia katikati, na kimkoba chake.

Yule mzee niliyemuona anafanya kazi siku ile, Mungu amzidishie. Cha kwanza alikataa supaglu, akasema ikigusa vile vibati vya ndani ndiyo mnanunua kitasa kizima. Akapuliza vumbi. Akachukua bisibisi bapa nyembamba akalirudisha tundu likasimama wima, kwa sababu lilibaki limezunguka kidogo, na likikaa upande vibati vinakuwa vimekibana kipande, hakitoki. Mafuta hakutia, anasema kwa vumbi la Dodoma mafuta yanageuka tope humo ndani, akakwangua kalamu ya risasi kwa wembe, ule unga mweusi akaupuliza tunduni. Halafu katoa bleidi ya msumeno wa chuma aliyoinoa mpaka imekuwa kama unyasi, akaiingiza pembeni ya kipande meno yakiangalia nje, akaikandamiza kidogo na kuvuta. Ikateleza. Akarudia. Mara ya nne nikaona kitu cha njano kinachungulia. Jamani nilipiga kigelegele pale sokoni, akina mama wa mboga wakakipokea, nikasahau kila kitu.

Ndipo akaweka zile nusu mbili kiganjani akatuonyesha pale palipokatika. Nusu ya pale ni nyeusi, imeshika uchafu, nusu inang'aa kama shilingi mpya. "Unaona mama, hapa peusi palipasuka siku nyingi. Leo umemalizia tu. Hivi nyumbani hakuna aliyeuona huu ufa?"

Nilimwangalia shemeji. Alikuwa kainama anaokota nyanya zangu zilizomwagika, anazipangusa moja moja kwenye suruali yake, anazirudisha kwenye mfuko. Hakusema alituambia. Angesema ningepona.

Fundi akaziunganisha zile nusu akachonga mpya, kirikuu chenyewe ni cha zamani, ufunguo hauna chipu, kwa hiyo ukishachongwa umemaliza, gari linawaka. Nikamwambia achonge miwili. Chakula kilifika Nzuguni kimechelewa lakini kimefika, Nanenane imeisha salama.

Ule wa pili nilimpa shemeji usiku uleule. Nikamwambia huu wako, kaa nao, na ile Jumapili nilikukosea. Akasema, "Ah shem, yamekwisha, ulikuwa umechoka." Akaupokea kwa mikono miwili. Asubuhi nimeukuta unaning'inia kwenye msumari pale mlangoni. Leo Jumamosi bado uko palepale, akitaka kutoka anauchukua, akirudi anautundika. Sijui kama ndiyo mazoea yake ya kutunza vitu au ndiyo jibu.

Mama kapiga simu saa hizi kutoka Kibaigwa, anasema ameona unga unga chini ya magunia ya mahindi, yale anayoyashikilia yapande bei. Nikamuuliza dawa uliweka, akasema ataangalia. Dumuzi huyo, yule mdudu anayetoboa mahindi. Magunia kumi na nne, na mama hawezi kuyashusha peke yake.