Kugawa, kugawia, kugawana: Kiingereza ninachofundisha Goma

Wanafunzi wangu wa jioni hapa mtaa wa Himbi karibu wote wanatafuta kazi. Mashirika ya misaada yapo kila mtaa wa Goma, na tangazo la nafasi likitoka, mara nyingi linataka mtu anayeweza kuandika ripoti kwa Kiingereza. Ndiyo sababu vitenzi vya kugawa navifundisha polepole kuliko kitabu kinavyotaka. Kitabu kinavirundika katika ukurasa mmoja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Sikubaliani nacho.

Sisi tumesoma shule kwa Kifaransa, na Kifaransa kina "partager". Kwa kitenzi hicho unakata keki vipande vinne, na kwa kitenzi hichohicho unakaa na wenzako mkaila. Mtu akifika kwenye Kiingereza anashika "share" na kuipeleka kila mahali: "They shared the land into four plots." Hapana. Kiwanja kikikatwa vipande, kitenzi ni "divide", na kinatembea na "into". Vipande vikienda kwa watu, ni "divide among". Kuhusu "between" na "among", sheria ya zamani kwamba ya kwanza ni ya wawili na ya pili ni ya wengi haina nguvu tena kama walimu wetu walivyodai, usipoteze usingizi. "Share" yenyewe kwa kawaida inataka anayegawa naye abaki na fungu lake, au kitu kiendelee kuwa cha wote. Ukiongeza "out", "share out", hapo mafungu yanatengwa, kila mtu anaondoka na lake.

Dawa niliyoona inafanya kazi ni kuanzia kwetu. Naandika ubaoni: gawa, gawia, gawana, gawanya, gawanyika. Mzizi ni mmoja, mikia ndiyo inayosema nani yuko wapi. "Tuligawana" inatuweka wote usawa. "Alitugawia" ina mtu mmoja mwenye mkono juu na sisi mikono chini. "Ikagawanyika" haina mtu kabisa. Kiingereza hakina mikia hiyo, kwa hiyo kila mara kinatafuta kitenzi kingine au kuongeza kineno mbele: "we shared it", "he handed it out to us", "it split". Mwanafunzi akishajiuliza kwa Kiswahili nani anatoa, nani anapokea, na kama mtoaji anabaki na kitu, kitenzi cha Kiingereza kinakuja chenyewe. Nimeona watu waliokuwa wanaogopa kufungua mdomo wakianza kubishana kwa sababu ya maswali hayo matatu.

Mama mmoja wa darasa langu anauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kwenye soko la Kituku. Asubuhi wanachanga makuta, yaani pesa, yeye na wenzake, wananunua beseni, halafu wanagawana. Kwa kazi yake nilimpa "split": "we split the cost", "we split the fish". Nikamwambia pia kwamba neno hilo Waingereza walilipata kwa Waholanzi, na zamani lilisemwa juu ya meli inayopasuka mwambani. Alilichukua siku hiyohiyo. Watu wa ziwa wanaelewa chombo kupasuka bila maelezo marefu.

Ila sehemu ninayoijali zaidi ni ile ya foleni ya msaada. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye tukaamriwa kuondoka mjini, wengi wetu tulielekea mji wa Sake kwa miguu. Tangu hapo sihitaji kumweleza mtu wa Goma jetoni, kile kikadi cha kupokelea msaada, ni nini, wala maana ya kusubiri jina lako lisomwe kwenye orodha huku mtoto amelala mgongoni. Sasa hao hao ndio wanaotaka kuandika ripoti, na ripoti itachagua kitenzi. "Allocate" ni ya ofisini: wakubwa wameamua kwenye karatasi kwamba eneo hili litapata magunia haya, na lori bado halijaondoka. "Distribute" ni ya uwanjani, magunia yanashuka. Ripoti inayoandika "allocated" mahali pa "distributed" inawalisha watu kwa karatasi, na mimi nawasisitizia wanafunzi wasikubali kuitia sahihi. "Ration" inasema chakula hakitoshi, kwa hiyo kinapimwa. Asili yake ni neno la Kilatini la hesabu, na Waingereza walilipokea kupitia Kifaransa. "Allot" imetoka kwenye "lot", kura, na wasomaji wa Biblia darasani wanakumbuka mara moja Yoshua akiwapigia makabila kura za ardhi kule Shilo.

Halafu kuna "dole out". Hapo zamani "dole" lilikuwa fungu tu, ndugu wa "deal", ambalo nalo maana yake ya kwanza ni kugawa. Ndiyo maana anayegawa karata mpaka leo anaitwa "dealer", na Roosevelt, akigombea urais, alipowaahidi Wamarekani "New Deal", yaani mgao mpya, mwaka 1932, waliokuwa na karata mbaya walimwelewa. Lakini "dole" halikubahatika. Uingereza, baada ya vita vya 1914 hadi 1918, likawa jina la pesa za wasio na kazi, na leo "dole out" inanukia kutoa kidogokidogo, pengine kwa dharau. Nawaambia wanafunzi wasiiandike juu ya watu walio kwenye foleni. Kijana mmoja alinipinga: "Mwalimu, lakini kweli walitupa kidogo." Nilimjibu aandike basi kilo ngapi, kwa familia ngapi, za kula siku ngapi. Nambari itamshitaki mtoaji, na mama aliyepokea atabaki na heshima yake.

Wiki iliyopita niliwapa sentensi hii ya kutafsiri: "Baba alitugawia shamba, tukagawana mavuno, lakini jamaa ikagawanyika." Wengi waliandika vizuri: "Father divided the land among us, we shared the harvest, but the family split." Dada mmoja akaandika mwishoni "was divided". Nilimwonyesha kwamba hiyo ni "ikagawanywa", yaani kuna mtu aliyeigawanya. Akasema anajua, na mtu huyo yupo. Nikamwekea alama zote.