Hajiri aliulizwa maswali mawili, akajibu moja

Kuna watu wakisikia unasoma maandiko kwa kutumia nadharia za fasihi, sijui ufeministi (kusoma kwa jicho la wanawake), sijui nadharia ya baada ya ukoloni (kusoma kwa jicho la waliotawaliwa), moja kwa moja wanajua imani imeshakutoka. Mimi nilishaambiwa hivyo mbele za watu, kwenye kikundi cha kusoma Neno, na mtu ninayemheshimu sana, na ile kauli ilinikaa moyoni muda mrefu. Kwa hiyo leo sitaki tubishane juu juu, nataka tufungue Mwanzo sura ya 16, habari ya Hajiri mjakazi wa Sarai mke wa Abramu, tuisome pole pole, manake kwangu mimi kila kitu kilianzia hapo.

Watu wa nadharia ya usimulizi swali lao la kwanza ni jepesi tu: nani anaongea, na nani anaitwa jina lake? Haya, soma. Sarai anamwambia mumewe aingie kwa "mjakazi wangu". Abramu anamjibu, "mjakazi wako" yuko mkononi mwako. Msimulizi yeye anatuambia kabisa kwamba huyu mwanamke ni Mmisri na anaitwa Hajiri, ila hao wawili wanaoishi naye, tena mmoja wao ndo kampa mimba, hawalitamki hilo jina hata mara moja. Nenda mpaka sura ya 21 utakuta ni vile vile, Sara (ndo yule yule Sarai, na Abramu naye huko anaitwa Ibrahimu) anasema mfukuze mjakazi huyu na mwanawe. Mtu wa kwanza kwenye hadithi nzima kumwita "Hajiri" ni malaika, huko jangwani kwenye chemchemi. Nilikuwa nimeisoma hii sura miaka na miaka na sikuwahi kuliona hilo.

Na malaika anamuuliza mambo mawili: umetoka wapi, na unakwenda wapi. Hajiri anajibu la kwanza tu, kwamba anamkimbia bibi yake Sarai. La pili analiacha. Lakini ukirudi mstari mmoja nyuma msimulizi ameshakudokeza, chemchemi iko njia ya kwenda Shuri, na Shuri ni upande wa Misri, yaani huyu mama mjamzito alikuwa anarudi kwao. Hakusema, na ukweli ni kwamba kabla ya hapo hamna aliyewahi kumuuliza.

Sasa hapa kwenye kipande kigumu ndo naomba tukae kidogo. Mstari wa 6 unasema Sarai alimtesa. Kile kitenzi cha Kiebrania kina shina lile lile linalotumika sura moja nyuma, Abramu anapoambiwa uzao wake utateswa miaka 400 kwenye nchi ya watu, na shina hilo hilo linarudi mwanzoni mwa kitabu cha Kutoka, Wamisri wanapowatesa Waisraeli kwa kazi ngumu. Kwa hiyo kabla Mwebrania hajateswa na Mmisri, yupo Mmisri aliyeteswa kwenye nyumba ya Waebrania, na aliyeandika ametumia neno lile lile. Sidhani kama ni bahati mbaya. Halafu inakuja mstari wa 9, malaika anamwambia rudi kwa bibi yako ukanyenyekee chini ya mkono wake, na hilo "kunyenyekea" nalo kwa Kiebrania ni shina hilo hilo la kutesa. Anarudishwa pale pale alipotoka mbio.

Phyllis Trible, msomi wa Agano la Kale wa Marekani, alipoichambua hadithi hii mwaka 1984 hakujaribu kuupaka asali huo mstari, alimweka Hajiri pamoja na wanawake wengine watatu wa Agano la Kale walioumizwa, akiwemo binti wa Yeftha aliyetolewa sadaka na baba yake, akataka tuwaombolezee kabla hatujakimbilia kuwafafanua. Delores Williams, mwanateolojia mweusi wa Marekani, mwaka 1993 akaenda mbali zaidi, akasema hapa Mungu hamkomboi Hajiri, anamsaidia aishi, manake mjamzito peke yake jangwani angeishia wapi? Aliyaona humo maisha ya wanawake weusi waliolelea watu wengine watoto na kubebeshwa mimba bila kuulizwa. Mimi jibu lake nalikubali nusu. Linanisaidia nisimwone Mungu wa hapo kama katili, lakini nimesikia mstari huu huu ukitumika kumrudisha mke kwa mume anayempiga, na kila nikisikia hivyo damu inanichemka, kwa sababu andiko linasema kwa neno la wazi kabisa kwamba anachorudishiwa ni mateso.

Ila hizo nadharia nazo zina ugonjwa wake, kuna watu wanafika kwenye maandiko hukumu ikiwa mfukoni tayari. Hao wanamfanya Sarai kuwa mwovu wa hadithi na habari imeishia hapo. Soma sura ya 12 basi! Huyo Sarai mwenyewe alipelekwa nyumbani kwa Farao akiitwa dada, na mumewe akapata kondoo, ng'ombe, punda, ngamia, watumwa na wajakazi. Anajua kupitishwa mkono kwa mkono, na alipopata mtu aliye chini yake akamfanyia vile vile. Nadharia isiyokuonyesha hilo imekusomea nusu ukurasa.

Kwenye Uislamu Hajiri ni Bi Hajar, na jina lake halimo ndani ya Qurani, kuna dua ya Nabii Ibrahim tu kwenye Sura Ibrahim aya ya 37, kwamba amekiweka kizazi chake kwenye bonde lisilo na mimea. Ni hadithi iliyomo kwenye Bukhari, kitabu cha mapokeo ya Mtume, ndo inampa sauti. Ibrahim anamwachia tende na maji anaondoka, yeye anamfuata nyuma anamuuliza tena na tena, na mwisho anamuuliza kama ni Mungu ndiye aliyemwamrisha. Akiambiwa ndiyo, anasema basi hatatuacha. Halafu anakimbia mara saba kati ya vilima vya Swafa na Marwa, huko Makka, kutafuta maji, na mpaka leo mahujaji wanazifuata nyayo zake. Wasomi wa fasihi wanaita mwingilianomatini, matini moja inaongea pale nyingine iliponyamaza.

Manake Mwanzo 21 imenyamaza kweli. Ibrahimu, mtu mwenye mifugo na fedha na dhahabu, anaamka asubuhi na mapema anampa Hajiri mkate na kiriba cha maji na kumwondoa yeye na mtoto, na hamna neno wanaloambiana. Maji yakiisha Hajiri anamlaza mtoto chini ya kijiti anakaa mbali asimwone akifa. Na yule mtoto sehemu hii yote haitwi jina, ni "mwana", "mtoto" na "kijana" tu, mpaka mstari wa 17 unaposema Mungu akasikia sauti ya kijana. Mungu akasikia: ndo maana ya Ishmaeli, jina la huyo mtoto. Jina lake limefichwa ndani ya kitenzi. Nililia siku nilipoliona.

Na mstari wa mwisho tunaomwona Hajiri akifanya jambo ni wa 21 wa sura hiyo hiyo, mtoto amekua, anaishi nyika ya Parani, na mama yake anamtafutia mke kutoka nchi ya Misri.