Ila merikebu tu

Hoteli niliyokuwa nikifua na kupiga pasi mashuka ilifungwa mwisho wa Machi 2020. Ndege za kimataifa zilikuwa zimesimamishwa kwa sababu ya korona, Waitaliano waliozoea kujaa Malindi walikuwa wamerudi kwao, na msimamizi akatuambia tupumzike nyumbani kwa muda. Nilitoka na nusu mshahara na mche mmoja wa sabuni. Kafyu ilikuwa saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Makanisa na misikiti ilikuwa imefungwa, na mwanzoni mwa Aprili kaunti yetu ya Kilifi nayo ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Nina watoto watatu, na baba yao alishafariki.

Kwenye simu, aya zilinyesha kama mvua ya masika. Iliyotumwa zaidi ni Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani na tumaini. Siku moja nikafungua Biblia ya marehemu mama nisome sura nzima. Kumbe ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na aya ya kumi, ambayo hakuna aliyenitumia hata mara moja, inawaambia wangoje miaka sabini. Nilicheka peke yangu jikoni, kicheko kibaya. Tangu hapo nikakataa aya za vipande. Nikasema nitasoma kitabu mpaka mwisho, na kama tumaini limo nitalikuta njiani.

Jumapili, kwa kuwa hatukuwa na kanisa la kwenda, niliwasomea watoto Matendo ya Mitume chini ya mwembe. Sura ya 27 ikawanasa. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Roma, tufani inaishika merikebu, watu 276 ndani, siku nyingi hawaoni jua wala nyota. Usiku wa kumi na nne mabaharia wanahisi nchi iko karibu, wanatupa bildi.

"Mama, bildi ni nini?" akauliza mkubwa.

Sikujua. Mimi Mgiriama wa Ganda, mtoto wa minazi na mahindi, bahari nimeiona kwa macho tu. Nikamwambia tutamuuliza mzee jirani. Huyu ni Mswahili wa mji, mvuvi wa tangu ujana, na siku hizo kafyu ilikuwa imewakatia uvuvi wa usiku, kwa hiyo alishinda barazani akishona nyavu zisizokwenda popote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee hapo."

Nikamsomea. Alisikiliza kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Bildi, akasema, ni kipande cha risasi kilichofungwa kamba. Unakitupa, kikigusa chini unaivuta kamba ukiihesabu kwa mikono miwili iliyonyooshwa, na huo ndio upana wa pima moja. Chini yake hupakwa shahamu, mchanga unaganda, unajua umesimama juu ya nini. (Hapo akanikumbusha kuwa Vasco da Gama hakufika India mpaka alipopewa rubani hapa Malindi mwaka 1498, kana kwamba rubani mwenyewe alikuwa ni yeye.)

"Pima ishirini, kisha kumi na tano," akasema. "Nchi i karibu. Lakini huo ndio usiku wa kuogopa, maana miamba nayo iko huko huko karibu na nchi."

Nikaendelea: wakatupa nanga nne za tezi, wakaomba kuche. Akanizuia. "Za tezi? Wanajua kazi hao. Nanga hutupwa omo, mbele. Wangezitupa omo, chombo kingegeuka na kuipa nchi mgongo. Wamezitupa nyuma ili uso wake ubaki umetazama pwani, kukicha waende moja kwa moja."

Usiku huo sikulala mapema. Nimesikia mahubiri mengi juu ya nanga, hasa ile ya Waebrania 6:19, lakini hakuna mhubiri aliyewahi kuniambia nanga inatupwa upande gani. Nikairudia sura kutoka mwanzo, nikagongana na neno ambalo mchana nilikuwa nimelipita. Paulo, baada ya kujiwa na malaika, anawaambia wenzake hakuna nafsi itakayopotea, ila merikebu tu. Ila merikebu tu! Mimi wiki zote hizo nilikuwa namwomba Mungu merikebu: hoteli ifunguliwe, nirudishiwe pasi yangu na zamu yangu. Nilikuwa nikipima uaminifu wake kwa kitu ambacho hakuniahidi.

Sikuamka nimebadilika. Niliamka na deni lile lile. Ila nilichukua kurasa tupu za mwisho wa Biblia ya mama (anisamehe) nikaanza kutupa bildi kila Ijumaa: unga uliobaki, deni la dukani, kodi ya miezi mingapi. Kabla ya hapo nilikuwa siangalii, naogopa. Nilipoandika, hofu ilipata kipimo. Wiki ya kwanza kipimo kilikuwa kibaya sana, lakini kilikuwa na mwisho wake. Kisha nasoma Zaburi moja, hata zile za kulalamika, na ya 88 inayoishia gizani niliipenda kuliko zote, maana hainilazimishi kutabasamu.

Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili. Magharibi ya kwanza, mjukuu wa mzee akaja na bakuli la muhogo wa nazi, limefunikwa kwa sahani. Ikawa hivyo karibu kila siku. Mei mvua ilipokolea, nikampelekea mzee bakuli lake likiwa na maembe, akaniuliza: "Na wale watu wako, walifika?"

Nikamwambia merikebu ilivunjika, lakini wote walifika, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Na wenyeji wa kile kisiwa, Melita, wakawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi.

"Mvua na baridi," akasema, akiutazama uwanja uliojaa maji. "Basi ingia ndani, mwanangu."

Ndege zilirudi Agosti, hoteli yetu haikuniita. Ubao wangu mimi ni karai: nakaanga viazi asubuhi na jioni karibu na stendi. Ijumaa iliyopita niliandika: unga kilo nne, kodi imelipwa, dukani nadaiwa 350. Na chini yake, bakuli moja la mzee, bado sijarudisha.