Kocha aliyeingia golini akiwa na miaka 44

Wikendi hii nimekesha nikisoma habari za Lester Patrick, mchezaji na kocha wa mpira wa magongo wa barafuni (ice hockey), na bado sijamtoa kichwani.

Alizaliwa Drummondville, Quebec, Kanada, mwaka 1883. Akiwa beki wa Montreal Wanderers alitwaa Kombe la Stanley, taji kubwa la mchezo huo, 1906 na 1907. Mwaka 1911 yeye na mdogo wake Frank walichukua fedha za biashara ya mbao ya baba yao, wakajenga viwanja vya barafu bandia Vancouver na Victoria na kuanzisha ligi yao. Hebu fikiria ujasiri huo!

Lakini usiku ulionishika ni wa 7 Aprili 1928, moja ya mechi za fainali ya kombe hilo dhidi ya Montreal Maroons, mjini Montreal. Patrick alikuwa kocha wa New York Rangers. Kipa wake, Lorne Chabot, akapigwa jichoni, hawezi kuendelea. Siku hizo timu haikuwa na kipa wa akiba. Uwanjani alikuwepo kipa hodari wa timu ya Ottawa, Alec Connell, ila kocha wa Maroons akakataa asitumike. Basi Patrick, mvi kichwani, akavaa vifaa vya Chabot akaingia mwenyewe. Akafungwa bao moja tu. Frank Boucher akafunga katika muda wa nyongeza, Rangers wakashinda mechi hiyo 2-1, na baadaye wakabeba kombe.

Kwangu mimi hakuna kocha aliyewahi kuwapa wachezaji wake zaidi ya hapo. Wapenzi wa michezo, kuna mwingine mnayemjua? Nisimulieni.