Siku Madoa Aliponyamaza

Madoa alikuwa na desturi ya kutangaza kila yai alilotaga. Akishashuka kiotani, alisimama mlangoni pa banda akatetea kwa muda mrefu, na wenzake watatu, hata ambaye hakutaga siku hiyo, wakamwitikia mpaka ua mzima ukajaa kelele. Nilikuwa na umri wa miaka 16, nami ndiye niliyekabidhiwa kuwatunza, kwa hiyo sauti ile ilikuwa saa yangu ya asubuhi. Siku jua lilipopanda bila ya kuisikia, niliacha shughuli niliyokuwa nayo nikaenda uani.

Nilimkuta amesimama kando ya ukuta, mkia umeinama, mabawa yamelegea, na shingo ameikunja hadi kichwa kikazama katika manyoya ya kifua. Kila baada ya muda mkia ulipanda na kushuka kana kwamba anajikamua, kisha akatulia tena, akihema mdomo wazi. Undu wake, uliokuwa mwekundu siku zote, ulikuwa umepauka. Nilimwaga mtama; wenzake wakaukimbilia, yeye hakugeuza hata kichwa. Huyu ndiye kuku aliyezoea kunidonoa kidole cha mguu nikichelewa kufungua kopo la chakula, na kumwona akiutazama mtama kana kwamba haumhusu kulinitia hofu ambayo bado naikumbuka.

Mama alikuja, akampakata na kumpapasa taratibu chini ya tumbo.

"Mwanangu, yai limemkwama," alisema. "Weka mkono hapa, lakini usimbonyeze."

Niligusa donge, si gumu kama nilivyotarajia. Mama alimpigia simu daktari wa mifugo, ambaye alituelekeza tumkalishe katika maji ya uvuguvugu, kisha tumweke mahali penye giza na utulivu. Alisisitiza kwamba tusijaribu kulisukuma yai, kwa kuwa likipasuka ndani huweza kuleta maambukizi yanayoua. Kama lisingetoka hadi kesho yake asubuhi, tulipaswa kumpeleka kwake.

Nilijaza maji beseni na kumteremsha Madoa humo kwa mikono miwili. Mwanzoni alipiga mabawa na kunilowesha uso, lakini baada ya dakika chache joto lilimwingia. Manyoya ya tumbo yalifunguka majini kama nyasi za mtoni, miguu ikalegea, na hatimaye akalaza kichwa juu ya mkono wangu na kufumba macho, kope zake zikipanda kutoka chini kwenda juu kama ilivyo kwa kuku. Kiganja changu kilikuwa chini ya kifua chake, nami nilihisi moyo ukipiga mbio kiasi kwamba nisingeweza kuyahesabu mapigo.

Katika dakika zile 20 za kumshika, Mama alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Yai moja humchukua kuku zaidi kidogo ya siku nzima kulitengeneza, na sehemu kubwa ya muda huo, saa 20 hivi, ni ya ganda peke yake. Kalsiamu ya ganda hutoka katika chakula, na chakula kikipungukiwa, kuku huichukua kwenye mifupa yake mwenyewe. Misuli inayolisukuma yai nayo huhitaji madini hayo hayo.

Nilinyamaza, kwa sababu nilijua nilichokuwa nimekificha. Chakula cha kuku wa mayai kilikuwa kimekwisha majuma kadhaa kabla, nami nikaendelea kuwapa nafaka tupu bila ya kumwambia mtu. Majuma mawili kabla ya siku ile niliokota kiotani yai lenye ganda jembamba, lililovunjika nilipolishika, na siku chache baadaye jingine lisilo na ganda kabisa. Niliyafukia yote mawili. Kilichonishughulisha kilikuwa hesabu: kila yai zima nililichorea mstari wa mkaa ukutani, na nilijivunia mistari ile. Nilimweleza Mama yote tukiwa bado tumeinama juu ya beseni. Hakunigombeza. Aliniambia nichemshe maji mengine.

Tulirudia mara mbili zaidi mchana ule. Kila mara nilimkausha kwa taulo, nikampaka mafuta kidogo kwenye tundu la kutagia, na kumrudisha katika boksi lenye nyasi kavu. Magharibi, wenzake walipokuwa wameshapanda kwenye fito, nilisikia mkwaruzo ndani ya boksi. Nilipofunua, yai lilikuwa juu ya nyasi, limesinyaa, limefunikwa kwa ngozi tu, na Madoa alikuwa akinywa maji, akiinua kichwa juu kila funda. Hakutetea.

Kesho yake tulinunua chakula kinachofaa, tukaweka na chombo cha pembeni chenye maganda ya chaza yaliyopondwa, ambayo kuku hula kwa kadiri mwili unavyomwelekeza. Madoa ndiye aliyekifikia wa kwanza. Nilifuta mistari yote ukutani.

Siku ya 11 nilikuwa ndani nikifua nguo niliposikia sauti yake. Nilikimbia na povu mikononi, nikalichukua yai likiwa bado na joto, nikapitisha kidole juu ya ganda lake kutoka ncha hadi ncha. Lilikuwa gumu, zima, bila ufa. Madoa alikuwa angali mlangoni akitetea, nami nikakaa chini karibu naye mpaka alipomaliza.