Mjomba, Mwaloni na Moto wa Paris

Jumatatu ya Juma Kuu, Aprili 15, 2019, nilipitia karakana ya mjomba kule Kibuye, Kisumu, kuchukua meza ya Mama. Haikuwa tayari. Fundi ni fundi hata akiwa wa ukoo. Vanishi ilikuwa bado inanata, basi nikaketi juu ya rundo la sipresi nikingoja. Kitawi cha Jumapili ya Matawi kilikuwa kimechomekwa juu ya mlango.

Saa tatu usiku ikikaribia, kinyozi wa kibanda cha pili akatuita kwenye televisheni yake. Paa la kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, lilikuwa linateketea. Wengine tulitazama moto, mjomba akatazama mbao.

"Mti gani ule?"

Nikatafuta kwenye simu. Mwaloni, sehemu kubwa ukiwa wa karne ya 13, na magogo yalivyojazana kule juu wenyewe waliliita paa lile "msitu". Mjomba akapiga mluzi. Mwaloni yeye aliujua kwa Biblia tu, ule ulionasa kichwa cha Absalomu.

Mara mnara mwembamba ukainama, ukakatika. Kinyozi alikuwa amemwacha mteja na nusu kichwa. Nikawasomea kwamba mnara huo ulikuwa wa juzijuzi, kazi ya msanifu majengo Viollet-le-Duc, 1859, na sanamu zake 16 za shaba ziliteremshwa siku 4 tu kabla, zikafanyiwe ukarabati.

"Nani aliwanong'oneza?" kinyozi akauliza.

Mjomba hakucheka. "Wataweka chuma. Mwaloni wa kujaza paa lile watautoa wapi? Na wakiupata, utakauka lini?" Kwake mbao mbichi ni dhambi. Nimewahi kumwona akirudisha mkokoteni mzima wa grevilea kwa kubonyeza ukucha tu.

Kanisa lilipofunguliwa tena Desemba 2024, nilimpelekea video ya maseremala wa Ufaransa wakichonga magogo kwa shoka kama wazee wao. Mialoni kama 2,000 ilikatwa kwa kazi hiyo, ikapandishwa ingali mbichi.

"Mbichi?"

"Mbichi, mjomba. Inakaukia huko huko juu."

Akavaa miwani. "Hebu rudisha pale kwenye shoka."

Meza ya Mama ina mguu mmoja uliopinda tangu mwaka ule. Sikuitaja.